Fazi Tatu na Friji Moja

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema wapiga besi ndio waume. Mwenyewe hakuwahi kuolewa na mwanamuziki, lakini hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Mpiga solo hutunzwa noti za usoni mpaka ukumbi mzima unamjua jina. Mwimbaji hupigiwa simu usiku wa manane na watu wasiojitambulisha. Mpiga besi husimama nyuma, ubavuni mwa dramu, anatikisa kichwa kidogo, na shughuli ikiisha anakunja waya wake anarudi kwake. Kwa miaka mingi nyumba yetu ya Tabata ilikwenda hivyo: Jumamosi harusi au sendofu, Jumapili kwaya, siku zilizobaki gitaa limelala chini ya kitanda na adabu zake.

Waliotuharibia amani ni Wazambia.

Baba Watoto alianza kukesha na simu sikioni akisikiliza bendi za kule za miaka ya 1970, akina WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na Ngozi Family yake. Vijana hao waliichukua roki ya Wazungu wakaipiga kwa mkono wao, magitaa yakikwaruza kuanzia mwanzo wa sahani hadi mwisho. Reli ya TAZARA ilikamilika miaka hiyohiyo, ikaanza kushusha shaba ya Zambia bandarini kwetu, lakini mkwaruzo ule haukupanda treni. Sisi huku tulibaki na dansi letu, gitaa safi, kila noti inahesabika. Mimi naona hatukupoteza kitu. Yeye anaona tuliachwa nyuma, na kwamba wa kutuvusha ni yeye, kwa besi.

Chombo cha kutuvushia kinaitwa fazi. Ni kikopo cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, kina swichi ya kukanyaga na vifundo viwili vitatu vya kuzungusha. Wenyewe huita pedali. Nilipouliza kinafanya nini, alichukua risiti ya ada ya shule, akaigeuza, akachora nyuma yake mlima na bonde, mlima na bonde. Huo, akasema, ni mtikisiko wa waya mnene wa besi, ule wa E, unaokwenda mara 41 kwa sekunde. Fazi inaukuza mpaka transista zinashindwa kuubeba. Akachukua rula ya mtoto, akapiga mstari, vilele vyote vya milima vikakatika, juu pakabaki bapa. Kukatwa huko ndiko kunakozalisha sauti nyingine juu ya ile ya awali, za mara 82, mara 123 na kupanda. Ndiyo maana besi yenye fazi husikika hata kwenye kispika cha bajaji, ambacho hiyo 41 yenyewe hakiwezi kuigusa. Kwa sikio langu mimi ni nyuki waliofungiwa ndani ya debe tupu. Risiti ile nilikuja kuitafuta shule zilipofunguliwa, na mhasibu akaikagua pande zote mbili bila kusema neno.

"Mambo ya solo hayo," nilimwambia. "Mpiga besi yanamhusu nini?"

Hapo nikawa nimemfungulia mlango. Kumbe fazi yenyewe ilizaliwa kwenye besi. Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", na njia moja ya meza ya kurekodia ikawa na hitilafu. Kipande chake kikatoka kimekwaruzika. Wakakiacha hivyohivyo. Wimbo ukatoka 1961, ukapendwa, na fundi sauti wa studio, Glenn Snoddy, akashiriki kuunda kifaa cha kuiga ubovu ule kwa makusudi. Gibson wakakiingiza sokoni 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akakikanyaga kwenye "(I Can't Get No) Satisfaction", nia yake ikiwa kuonyesha tu mahali ambapo matarumbeta yangekuja kuingia baadaye. Matarumbeta hayakuhitajika tena. Haya yote nilihadithiwa nikikuna nazi, na kwa kweli sikuyaona yana faida yoyote mpaka mama mkwe alipokuja.

Pedali ya kwanza ilifika ndani ya sanduku la binamu yake aliyetoka Marekani, imeviringishwa kwenye soksi. Big Muff, ya kijani. Electro-Harmonix ya New York, kampuni ya Mike Matthews, ilianza kuzitengeneza mwaka 1969. Miaka ya 1990 zikawa zinaundwa Urusi kwa jina la Sovtek, chuma kizito cha rangi ya kijeshi, na wapiga besi wa roki wakazing'ang'ania kwa sababu ziliiacha sauti ya chini ipite. Hii yetu ni ndugu mdogo wa zile, toleo la 2017, inaenea kiganjani. Jioni ile alipoikanyaga, vikombe vya wageni kwenye kabati la vioo vilianza kusogea kuelekea ukingoni. Yeye alikuwa amefumba macho. Mtoto wetu mdogo alikwenda kusimama mlangoni akachungulia nje, akarudi na taarifa: "Baba, lori halipo."

Sebuleni sauti yake ilikuwa kubwa kweli. Kwenye mazoezi ya bendi ikapotea. Alirudi amenuna, mpiga dramu alimwuliza katikati ya wimbo kama ameacha kupiga. Alinieleza kwamba njia ya toni ya Big Muff huchimba shimo katikati ya sauti, palepale ambapo gitaa la ridhimu, kinanda na waimbaji wanagombania nafasi. Ukiwa peke yako unasikia chini kunanguruma na juu kunawaka, unaridhika. Wenzako wakiingia wanalijaza lile shimo, nawe hupo. Mtu mwingine angeirudisha pedali kwenye soksi. Yeye aliamua anahitaji ya pili, ya kulinganishia.

Sasa hapa ndipo redio inapoingia. Baba mkwe alituachia redio ya Philips ya transista, ambayo kwayo alisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, muziki wa jioni. Ilikaa stoo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama mkwe kwa mkono wake. Mume wangu alikuwa amesoma habari za Fuzz Face, pedali ya duara iliyotoka Uingereza 1966 ikiwa na umbo la kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndani yake mna transista mbili tu, na zile za mwanzo zilikuwa za gerimani, iliyotumika kabla silikoni haijatawala. Aina mojawapo inayofaa, AC128, ilitiwa kwa wingi kwenye redio za zamani, kule mwisho karibu na spika. Akaenda stoo na bisibisi. Fundi redio wa mtaa wa pili akamalizia: transista mbili, kapasita na vipinga vichache, betri ya volti 9, vyote vikatiwa lehemu na kufungwa ndani ya kopo la duara la biskuti. Kitambaa kikarudishwa juu ya redio, kikanyooshwa kwa uangalifu kuliko kilivyokuwa.

Haki lazima isemwe: ile ya kopo ilikuwa tamu. Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza, mkwaruzo wake ulikuwa laini. Akipiga kwa upole unatakata, akikaza vidole unachafuka, kiasi kwamba huhitaji kugusa kifundo chochote. Ile ya kijani haina habari na vidole vyako, upige upendavyo yenyewe inaunguruma vilevile. Lakini hiyo ni asubuhi. Saa nane mchana, Februari ya Dar, nyuzi 32 kivulini, kopo lilikuwa linakohoa. Gerimani haistahimili joto. Inavujisha umeme hata pale inapotakiwa kuuzuia, na mvujo huo unakaribia kuwa mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Transista zinahama mahali fundi alipozipangia, noti inaanza vizuri kisha inakatika njiani. Wanamuziki wa Ulaya hulalamikia jambo hili wakiwa jukwaani chini ya taa. Sisi taa yetu ni jua, na swichi yake haiko kwetu.

Ndipo pedali ikahamia kwenye friji.

Lile friji ni ofisi yangu. Nauza barafu za ukwaju na za ubuyu, shilingi 200 moja, wanafunzi hupitia wakitoka shule. Na sehemu ya kugandishia huwa naweka samaki za majirani ambao friji zao zimekufa, kwa malipo. Kila rafu ina mpangilio. Nilikuta kopo la biskuti limekaa juu ya vifuko vya ubuyu, waya unaning'inia. Alikuwa analitoa, anapiga dakika chache kabla halijapata joto, analirudisha. Hewa ya Dar ilivyo na unyevu, kopo likitoka tu linatiririka majasho, kwa hiyo likapewa na taulo lake. Taulo jipya, la seti.

Katika hali hiyo mama mkwe akashuka kutoka Moshi kuja kutibiwa macho. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu, akaenda kutafuta maziwa. Nilimkuta amesimama mbele ya friji lililo wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki nacho kinaliwa?"

Nikamwambia ni kifaa cha kazi cha Baba Watoto. Alikitazama, akafunga mlango polepole. "Baba yake alikuwa anaficha mbege kwenye pipa la mahindi," akasema. "Basi huyu ana nafuu."

Pedali ya tatu haikuwa yetu. Ni ya mwenzake anayepiga hotelini, Deluxe Bass Big Muff, kubwa kidogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Mkopo wa wiki moja. Kwa hiyo wiki hiyo sebule iligeuka maabara: tatu zimepangwa sakafuni, waya zinapishana, watoto wamefundishwa kuruka. Kikwazo kikawa mvumo. Fazi haichagui, inakuza kila inachopewa, na pamoja na besi ilikuwa inapokea umeme wa nyumba nzima. Umeme wetu huku unatikisika mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye waya wa E, kidole cha tatu, ni 49. Maana yake kila alipoacha kupiga, nyumba ilimjibu kwa G iliyopanda kidogo, isiyokubaliana na gitaa wala na kinanda. Aliniambia hivyo kwa furaha kubwa, kana kwamba amegundua mafuta. Kisha akaanza kumtafuta mhalifu. Akazima taa ya sebuleni. Akachomoa televisheni. Akasogeza sikio ukutani.

Jumamosi hiyo nilikuwa kikoba. Mama mkwe amejilaza chumbani na matone machoni. Mume wangu akachomoa friji.

Mvumo ulipungua, anasema, na nusu saa ile alisikia tofauti za pedali ambazo hakuwahi kuzisikia. Simu ikaita; mazoezi ya kwaya. Akakusanya vitu haraka. Zile mbili akaziacha palepale. Ile ya gerimani, kwa kuwa anaijua ilivyo dhaifu kwa joto, akaifuta jasho, akaiviringisha kwenye taulo, akairudisha ndani ya friji alilolichomoa yeye mwenyewe, akafunga mlango, akaenda kumwimbia Bwana.

Niliporudi magharibi, maji mekundu yalikuwa yamevuka kizingiti cha jikoni. Nilifungua mlango. Vifuko vya ubuyu vilikuwa vimelegea, mafundo yamefunguka, kimoja kikimwagikia kingine. Ukwaju umeteremka rafu hadi rafu na kutulia kwenye droo ya mboga, juu ya mchicha. Kopo la biskuti lilikuwa katikati ya dimbwi. Samaki za watu zilikuwa zimeyeyuka kiasi cha kupinda. Mama mkwe alitoka chumbani akipapasa ukuta. "Nilisikia friji limenyamaza," akasema, "nikajua umeme umekatika. Nikasema nisiwasumbue."

Usiku ule tulikaanga kila kilichokuwa ndani. Majirani waliitwa, wakala samaki zao wenyewe kwa ugali wangu, wakashukuru sana, na kesho yake wakaja kudai fidia.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti mama mkwe. Hukumu ilikuwa fupi: barafu zilipwe, samaki zilipwe, na huo ulinganisho uishe siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Tena asiamue yeye, maana wiki nzima amekaa hatua mbili mbele ya amplifaya na bado hajui anachokitaka. Mume wangu alijaribu kujitetea kisayansi. Wimbi la ile E, alisema, lina urefu wa mita 8 na zaidi, wakati sebule yetu haifiki mita 5, hivyo pale anaposimama huenda sauti ya chini haimfikii sawasawa. "Basi," akasema mama yake, "sisi tutakaa jikoni."

Tukakaa jikoni, mlango umefungwa, mimi nakausha droo, yeye anachambua mchicha uliopona. Sebuleni simu ikawekwa kwenye spika ikipiga dramu na kinanda, na mume wangu akafuatisha kipande kimoja cha besi kwa pedali zote tatu, kwa mpangilio aliouchagua mwenyewe, mtoto wetu mkubwa akiandika.

Ukuta wa tofali una sikio lake. Pedali ya kwanza ilipopigwa tulisikia dramu vizuri, tukasikia ukali fulani juu ya kinanda, lakini kipande chenyewe hakikuja. Ungeniuliza besi inaimba nini nisingekujibu. Ya pili ilikuja ikiwa na maneno, ila yanakatika. Ilikuwa ile ya kopo, imefutwa kwa spiriti, imekauka, na saa kumi ya jioni bado kuna joto. Ya tatu ilipita. Kila noti ilifika jikoni ikiwa na mwanzo na mwisho, nzito, na ule mkwaruzo umepanda juu yake bila kuila. Mama mkwe aliacha mchicha.

"Arudie hiyo."

"Ipi, mama?" sauti ikatoka sebuleni.

"Hiyo ya tarumbeta."

Baba mkwe, kumbe, kabla ya redio alikuwa mpuliza tarumbeta wa usharika, katika zile bendi za matarumbeta ambazo Walutheri wa Kilimanjaro walizirithi kutoka kwa wamisionari Wajerumani. Alikuwa anashika lile kubwa, la sauti ya chini kabisa, na asubuhi ya Krismasi, akasema mama mkwe, hilo ndilo lililotangulia kufika nyumbani, likipita migombani kabla ya mengine yote hayajasikika. Mama mkwe hakuwa amesikia habari za Maestro wala Keith Richards. Nilimsimulia hapohapo, pamoja na yule Mwingereza aliyekuwa anatafuta matarumbeta. "Sasa kwa nini hakuwaita wapulizaji?" akauliza, na sikuwa na jibu.

Siri ya ile ya tatu ni kifundo kimoja. Kinagawa sauti ya gitaa njia mbili: moja inapita kwenye fazi, nyingine inapita safi, halafu unazichanganya kwa kiasi unachotaka. Alikuwa amekiweka katikati. Paul McCartney alilifanya hilo kwa njia ndefu mwaka 1965, kwenye "Think for Yourself" ya Beatles, ambamo zimerekodiwa besi mbili, moja ya kawaida na moja ya fazi, kila moja na kazi yake. Kwa besi sioni haja ya mjadala mwingine. Hizi nyingine mbili ni za gitaa, ziwe za kijani au za duara, na asiyenisadiki akae jikoni kwangu.

Mume wangu alitoka sebuleni amefurahi na amefilisika kwa wakati mmoja, kwa sababu iliyoshinda ni ya mtu na inarudishwa kesho. Alikuwa bado anaihesabu bei yake kwa sauti pale mama yake alipouliza:

"Na redio ya baba yako iko wapi? Safari hii nataka niende nayo."

Sijawahi kumwona mpiga besi akitafuta stoo kwa muda mrefu hivyo, na stoo yetu ina hatua tatu. Redio ikaja na kitambaa chake. Mama akazungusha swichi. Kimya. "Betri hizo, mama," akasema mwanawe. Betri zikaletwa, kimya kilekile. Macho ya mama mkwe yalikuwa na matone, lakini vidole vyake havikuwa na tatizo lolote. Aliigeuza redio, akapapasa mfuniko wa nyuma, kona hadi kona, akakuta skurubu mbili mahali pa nne. Hakusema kitu. Aliinua uso akaelekea upande wa kopo la biskuti.

Fundi aliitwa Jumapili hiyohiyo, kwa bei ya Jumapili. Transista zikatolewa kwenye kopo, zikarudishwa kwao, na redio ikaunguruma, ikapiga mluzi, kisha Mwarabu mmoja kwenye masafa mafupi akaanza kusoma kitu kirefu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Akaondoka nayo Jumatano, ameipakata kwenye basi.

Deni la barafu limelipwa nusu. Ile ya kijani imetangazwa kuuzwa na kuna kijana wa Sinza anasema atakuja. Tarumbeta, ndivyo tunavyoiita sasa, inachangiwa kidogo kidogo kutoka kwenye malipo ya sendofu, na kwa hilo nimetoa idhini. Ila juzi nilimsikia akimpigia mama yake simu, akimwulizia macho, kisha mifugo, kisha hali ya hewa. Julai Moshi kuna baridi kali, akaja kuniambia, tungewapeleka watoto wakamsalimie bibi yao. Nimeificha bisibisi.